Wakhitani waliandika, na lugha yao ikafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wenu wa utamaduni iliyosema kwamba lugha hufa kwa kukosa maandishi, na kwamba lugha ikishapata hati yake, yaani alama zake yenyewe za kuandikia, vitabu vyake na serikali ya kuisimamia, basi imeokoka. Nimefundisha historia miaka mingi na kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu na kwa viongozi majukwaani. Siikubali, na shahidi wangu ni Kikhitani.

Wakhitani walikuwa wafugaji wa kuhamahama katika nyika ambazo leo ziko Mongolia ya Ndani na kaskazini mashariki mwa China. Mwaka 907 kiongozi wao Abaoji alishika utawala na kuanzisha ukoo wa kifalme uliokuja kuitwa Liao, ukatawala hadi mwaka 1125. Hawakuwa watu wa pembezoni. Beijing ya leo ilikuwa mojawapo ya miji yao mikuu mitano. Kwa mkataba wa mwaka 1005, dola ya Song ya Wachina ilikubali kuwalipa kila mwaka wakia 100,000 za fedha na majora 200,000 ya hariri ili amani idumu. Jina lao lilivuma hadi Warusi wakaichukulia China yote kuwa nchi ya Wakhitani: mpaka leo Mrusi akisema China husema “Kitay”. Cathay ya Wazungu wa zamani nayo ni jina hilohilo.

Na waliandika. Mwaka 920 Abaoji aliidhinisha hati kubwa ya Kikhitani, iliyobuniwa kwa kuangalia ile ya Kichina. Miaka michache baadaye wajumbe wa Wauyghur, watu wa Asia ya Kati wenye lugha ya jamii ya Kituruki, walifika ikulu, na hapakuwa na mtu wa kuwaelewa. Diela, mdogo wake mfalme, akapewa kazi ya kukaa nao. Alijifunza lugha na maandishi yao, kisha akabuni hati ya pili, hati ndogo, ambayo alama zake hukusanywa pamoja kuunda neno moja. Taifa moja, hati mbili, ndani ya kizazi kimoja. Nikisoma habari ya Diela huwa naona fahari kana kwamba ni jamaa yangu.

Lugha yenyewe ilikuwa ya jamaa ya Kimongolia, lakini haikuwa Kimongolia wala mzazi wake. Mtaalamu wa Finland, Juha Janhunen, aliliweka kundi hilo pembeni mwa ukoo wa Kimongolia, kama tawi ndugu. Msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi akikumbuka Kikomori: hakikuzaliwa na Kiswahili, bali vyote viwili ni watoto wa nyumba moja ya Sabaki, kundi la lugha za Kibantu za pwani ya Afrika Mashariki. Ndivyo neno la Kikhitani la “tano” lilivyokuwa *tau*, na Mmongolia wa leo husema *tavan*. Sungura alikuwa *taulia*, leo *tuulai*. Ukiviweka sikioni pamoja unausikia undugu, lakini mwenye lugha moja asingemwelewa mwenzake kwa hilo tu. Kimongolia bado kinasemwa. Ndugu yake hana msemaji hata mmoja.

Sasa tuangalie hati ile iliisaidia nini lugha. Shen Kuo, mwanazuoni wa Song wa karne ya 11, aliandika kwamba Wakhitani walikuwa na sheria kali juu ya vitabu: aliyepeleka kitabu nchi jirani aliuawa. Naona hapo ndipo palipo jeraha la kwanza. Dola ilivifungia vitabu ndani ya mipaka yake kama siri ya kijeshi, na mipaka ilipovunjwa, vitabu havikuwa na pa kukimbilia. Lugha ambayo jirani hakuruhusiwa kuisoma haikuwa na jirani wa kuitunza.

Mwaka 1125 Wajurchen, watu wa kaskazini mashariki waliokuwa chini ya Wakhitani, waliiangusha Liao na kuimarisha dola yao ya Jin. Cha kushangaza, kwa miaka zaidi ya 60 Kikhitani kiliendelea kuandikwa katika ofisi za washindi hao, maana maandishi ya Kichina yalikuwa yakipitishwa kwanza kwenye Kikhitani ndipo yaingie Kijurchen. Lakini karani wa ofisi si mama jikoni. Mwaka 1191 mfalme Zhangzong wa Jin aliamuru hati ya Kikhitani isitumike tena, na amri moja ikatosha kufuta kazi ya makarani wote.

Mwaka mmoja kabla ya amri hiyo alizaliwa Yelü Chucai, mtu wa ukoo wa Abaoji mwenyewe. Alisoma vitabu vya Kichina, akatumikia Jin, kisha Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, akamwita. Wengi humjua kama mshauri aliyewaonyesha Wamongolia kwamba wakulima wakiachwa hai watalipa kodi, hivyo nchi isifanywe malisho. Mimi namkumbuka kwa jambo dogo zaidi. Alipofuatana na jeshi la Genghis hadi Asia ya Kati, alikuta mabaki ya Wakhitani waliokuwa wametoroka na Yelü Dashi, mtu wa ukoo wa kifalme, Liao ilipoanguka, wakajenga dola ya magharibi yenye makao Balasagun, katika Kyrgyzstan ya leo. Dola hiyo nayo Wamongolia walikuwa wameimaliza mwaka 1218. Huko, mtu huyu wa damu ya kifalme, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alikaa chini kwa mzee aliyekuwa ofisa wa dola hiyo akafundishwa kusoma hati ya babu zake. Alihitaji kama mwaka mmoja. Kisha akalitafsiri kwa Kichina shairi refu la mtawa wa Kibudha lililotungwa kwa Kikhitani. Tafsiri tunayo. Shairi lenyewe limepotea.

Kwa nini watu wenyewe waliiacha lugha? Hawakuuawa wote. Walitawanywa: wengine magharibi, wengine katika majeshi ya Wamongolia, wengine katika miji ya Wachina. Mwaka 1284 serikali ya Kubilai, mjukuu wa Genghis aliyetawala China, iliagiza kwamba Mkhitani aliyezaliwa kaskazini magharibi na asiyejua Kichina ahesabiwe Mmongolia. Waliobaki waliwekwa fungu moja na Wachina wa kaskazini. Mzazi alikuwa na njia mbili za kumwandikisha mwanawe, na hakuna hata moja iliyoitwa Mkhitani.

Makala yenu ilitegemea pia serikali. Basi nitaje ndugu wengine wa Wakhitani, Watuoba wa jamii ya Xianbei, waliotawala kaskazini mwa China kwa jina la Wei kuanzia mwaka 386. Mwaka 495 mfalme wao Xiaowen, Mtuoba mwenyewe, alikataza lugha za kaskazini barazani. Maofisa waliozidi miaka 30 walivumiliwa kwa kuwa ndimi zao zilikwisha kuzoea, walio chini ya hapo walishushwa cheo wakiendelea kuzisema. Mwaka uliofuata akabadilisha hata jina la ukoo wake likawa Yuan. Vitabu vya Kixianbei vilikuwepo, na orodha za maktaba za enzi za baadaye zinavitaja kwa majina. Hakuna hata kimoja kilichosalia.

Kikhitani kilikaa kimya hadi mwaka 1922, pale mmisionari Mbelgiji Louis Kervyn alipoingia katika makaburi ya wafalme wa Liao na kunakili kwa mkono mawe ya kaburi la mfalme Xingzong na malkia wake. Ndipo ilipofahamika pia kwamba maandishi ya mwaka 1134 huko Shaanxi, yaliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya Kijurchen, ni ya Kikhitani, yakiwa na tafsiri ya Kichina kando. Tangu hapo mawe mengi yamefukuliwa. Wataalamu wamesoma tarehe, vyeo, majina na nambari. Hati ndogo imefunguka kiasi, hati kubwa imefunguka kidogo sana. Mtu anaweza kutambua kwamba sentensi inataja farasi au mwaka wa sungura (miaka yao iliitwa kwa majina ya wanyama), asijue inasema nini juu yake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hakuna kitabu cha Kikhitani kilichookoka. Kumbe kimoja kilikuwa Saint Petersburg, katika taasisi ya miswada ya mashariki, kilikofika mwaka 1954 kutoka Kyrgyzstan, upande uleule waliokimbilia watu wa Yelü Dashi. Kilikaa rafuni bila kutambuliwa hadi mwaka 2010, Viacheslav Zaytsev alipoonyesha kwamba kimeandikwa kwa hati kubwa ya Kikhitani. Kina karatasi 127 zilizojaa mwandiko wa wino, na hakuna mtu duniani anayeweza kukisoma mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wa makala ile akitaka kuona lugha iliyoandikwa na bado ikafa, aanze na kitabu hicho.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga