Barua kwa mwanangu anayekwenda Ndanda

Mwanangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lindi hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa babu yako mguu umeanza tena kuvimba. Mjomba wako kaniambia umeshakata tiketi ya Ndanda. Nimefurahi mno. Kusomea uuguzi si jambo dogo, na katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza. Lakini tangu ile simu ya juzi roho yangu haijatulia. Uliwacheka Wakristo, ukasema mapadri wanajilaza chini ili wapigwe picha. Na huko uendako ni kwa Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, wapo pale tangu 1906. Usiende na dharau, mwanangu.

Mimi nilikuwepo mtoto wa Mama Osmundi alipopewa upadri. Nilikaa benchi la nyuma na ushungi wangu, hakuna aliyeniuliza kitu. Aliweka mikono yake miwili ndani ya mikono ya askofu, akaahidi utii. Kisha yeye na wenzake wakalala kifudifudi sakafuni, watu wote wakapiga magoti, na waimbaji wakaanza Litania, wakiwataja watakatifu mmoja baada ya mwingine. Ilichukua muda. Soli za viatu vyao zilikuwa zimetuelekea, mpya kabisa, na moja bado ina karatasi ya bei. Kijana yule unamjua anavyopenda kunyoosha mashati. Siku ile alilala na kanzu yake nyeupe kwenye sakafu tuliyoikanyaga sote, wala hakutikisika.

Askofu naye alikuwa amepiga magoti. Hawakumsujudia yeye, walikuwa wanajisalimisha kwa Mungu. Katika Isa bin Mariamu hatukubaliani nao, na sikutumi ukabadili dini. Swala zako tano ziko palepale. Lakini unyenyekevu nikiuona naujua. Jumatano ya Majivu wanapakwa majivu kwenye paji la uso, wanaambiwa wakumbuke kuwa ni mavumbi na mavumbini watarudi. Na sisi katika Sura Taha hatusomi kwamba tumeumbwa kwa ardhi na humo tutarudishwa? Basi unacheka nini?

Kinachonigusa zaidi ni mkubwa kumwinamia mdogo. Sisi msikitini tunasimama bega kwa bega, tajiri na maskini, tunashuka pamoja. Wao Alhamisi Kuu padri anawaosha waumini miguu. Mwaka 2013 Papa Francis aliwaosha vijana wafungwa kule Roma, na mmoja wao alikuwa msichana Mwislamu. Mwaka 2019, mzee wa miaka 82, aliinama akabusu viatu vya Salva Kiir na Riek Machar, viongozi mahasimu wa Sudan Kusini, akiwasihi waiache vita. Wasaidizi walimshika akiinuka. Dhiki ya Sudan Kusini haikuisha siku ile, lakini mimi sijaona mtawala yeyote akiinama hivyo kwa ajili ya watu wasio wake.

Wewe Adhuhuri unaisali mbiombio, simu umeilaza juu ya mswala. Nilikuona, nikanyamaza. Akili unayo, mwanangu, na mikono yako ni myepesi. Jeraha la babu yako ulilisafisha vizuri kuliko yule mganga wa zahanati. Ila kuinama huwezi. Na wodini utaosha miguu ya watu usiowajua, yenye vidonda, inayonuka, ya Wakristo na ya Waislamu. Ukiwa na dharau wataiona usoni kabla hujashika beseni. Masista wakienda kusali, usikodoe macho wala usinong'one. Mtu aliyeinama mbele ya Mola wake haguswi.

Mjomba wako nimempa chandarua, kanga mbili na korosho za kukaanga; za masista zimefungwa pembeni, usizile njiani. Pesa ya ada iliyobaki itatoka tukilipwa ghalani. Bati la jikoni bado linavuja. Cheti chako cha kuzaliwa weka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la buti. Ukifika, mpigie babu kwanza, halafu mimi.

Mama yako