Wanangu wahandisi wa Mtwara na Lindi, onjeni mchanga kabla ya kutia saini

Wanangu,

Salamu kutoka Mikindani. Nawaona mkipita na kofia zenu ngumu, wengine mnakwenda bandarini, wengine kwenye mitambo ya gesi Madimba, wengine barabarani, na moyo wangu hufurahi. Enzi zetu mhandisi mzawa wa huku alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana nataka niwaambie jambo ambalo sikuwahi kulisema hadharani.

Nilipokuwa na umri wenu nilisimamia ujenzi wa zahanati kwenye kijiji kimoja cha pwani. Mchanga wa mto ulikuwa mbali, lori bovu, mkandarasi akaamua kuchota wa ufukweni. Fundi mkuu, mtu mzima asiye na cheti hata kimoja, aliokota chembe akaziweka ulimini, akatema. Akanipa na mimi. Chumvi tupu. Akanitazama bila kusema neno, nami nikatazama pembeni. Wiki ile ile yaliletwa mabati nyumbani kwangu, "ya kumalizia banda lako, bwana mkubwa." Nikapokea. Nikatia saini.

Chumvi haina haraka. Hupenya ndani ya zege, hukivua chuma ngozi inayokikinga, kisha kutu huanza. Na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulisukuma zege mpaka likapasuka. Mwaka wa tisa kipande cha boriti kilianguka barazani, palepale wanapokaa kina mama na watoto wakisubiri mizani. Kilianguka usiku. Kingeanguka saa tatu asubuhi siku ya kliniki, leo nisingekuwa na uso wa kuwaandikia.

Mnunuzi wa korosho huikata punje akaona ndani. Mwananchi hawezi kulikata daraja. Nondo zikishafunikwa na zege, hakuna atakayehesabu tena ringi, zile pete za chuma zinazozifunga. Kilichobaki mkononi mwake ni saini yako. Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mliona jinsi mikoa yetu miwili inavyofungika kwa siku chache tu. Sisemi kwamba pale kuna aliyeiba, maji yale yalikuwa mengi mno. Nasema huku kusini tegemeo letu kubwa ni barabara hiyo moja, na kila kalavati lake lina mtu aliyesimama pembeni siku linamwagwa.

Siwaambii mfe njaa. Najua mshahara huchelewa na wadogo zenu wanasubiri ada. Lakini msimkope mkandarasi mnayemsimamia, hata mafuta ya pikipiki, maana mwenye deni hana mdomo. Wekeni akiba ya miezi michache kwanza, hata kama ni kwa kupanga chumba kimoja, ili siku ya kukataa msiwe mnawaza kodi. Zege lisimwagwe kabla hujahesabu nondo kwa mkono wako. Sampuli za kupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28 zitoke kwenye zege linalomwagwa, siyo kwenye beseni lililokorogwa pembeni kwa saruji ya ziada. Mchezo huo ni wa zamani na bado upo. Ukikataa kazi, andika kwenye daftari la saiti siku hiyo hiyo, kwa wino, na sababu yake. Mliapa mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi ina uwezo wa kuwafuta. Mimi, hata hivyo, sikuogopa kufutwa. Niliogopa siku niliporudi kwenye zahanati ile na yule fundi akanipokea kwa heshima zote, akaniita mhandisi.

Siku hiyo niliokota kipande cha nondo ya milimita 12 chini ya boriti. Kinabanduka magamba, katikati kimebaki chembamba kama kalamu. Nimekiweka barazani kwangu, chini ya mabati yale yale. Atakayepita Mikindani apige hodi, nitamwekea mkononi.

Mzee wenu