Jumamosi: vitufe vya kufungulia programu

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa 4 asubuhi, palepale Ngamiani, tunajifunza njia za mkato za kibodi. Juzi nilimkuta mwenzetu anahangaika na kipanya kibovu, mteja kasimama kaunta anasubiri risiti. Iliniuma, maana dawa ipo tangu Windows 7, mwaka 2009.

Bandika programu unazozipenda kwenye ule upau wa chini. Kisha shikilia kitufe cha Windows, bonyeza 1: inafunguka ya kwanza kutoka kushoto, kitufe cha Start hakihesabiwi. 2 ya pili, hivyohivyo hadi 9. Ya kumi ni 0. Ukiongeza Shift, linafunguka dirisha jipya.

Mwenye laptopu aje nayo, na chaja jamani.