Visanamu Jumamosi hii, Mkunazini

Assalaam alaykum jamaa zangu,

Jumamosi tukutane baada ya laasiri, barazani pale pale, tupake rangi visanamu vyetu vidogo. Kila mtu aje na visanamu viwili vilivyokwisha kupakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha rangi nyingine. Nasisitiza hilo la praima. Mara iliyopita nilipulizia joka langu uani huku mvua inanyemelea, unyevu ukaifanya rangi iwe chembechembe kama mchanga, na magamba yote ya mgongoni yakapotea. Iliniuma sana. Masika haya tusipulizie kabisa. Tupake kwa brashi, tabaka mbili nyembamba.

Joto letu nalo linakausha rangi upesi. Chukueni kopo bapa lenye kifuniko, tandikeni sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, kisha wekeni rangi hapo. Itakaa mbichi saa nyingi. Na ongezeni maji, tafadhalini: kisanamu cha milimita 28 kina uso mdogo kuliko punje ya mbaazi, rangi nzito inafuta macho na pua.

Brashi msizichovye mpaka kwenye bati linaloshika nywele. Rangi ikigandia pale, nywele zinatawanyika na ncha hairudi tena. Mkimaliza zilazeni, msiziache zimesimama kwenye gilasi.

Wadogo wa skuli waje, nimewawekea mazimwi ya kujifunzia. Mwenye rangi ya vivuli, ile nyepesi inayotulia kwenye mikunjo, ailete, jeshi la mifupa linaingoja.

Anayekuja aniambie kabla ya Ijumaa usiku, nijue niazime taa ngapi.