Dakika ni 200 tu, kaka

Lexington, Kentucky
Mwanzoni mwa Oktoba, 2025

Kaka,

Salaam nyingi kutoka huku. Natumaini hujambo na nyumbani wote hawajambo. Sisi tu wazima. Baridi ya asubuhi imeshaanza, na mji mzima hauna habari nyingine ila mpira wa kikapu, ingawa ligi yenyewe inaanza mwezi ujao. Hata kinyozi wangu ana kikosi chake kichwani.

Orodha yako ya dakika ambazo kila mchezaji wa Chuo Kikuu cha Kentucky atacheza kwa mechi msimu huu imenifika. Niliisoma nikatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu nikachukua kalamu. Oweh umempa dakika 36, Lowe 35, Quaintance 32, Aberdeen 30, Dioubate 28, Jasper Johnson 25, Kam Williams 22, Moreno 20, Garrison 18. Jumla 246! Mechi ya vyuo ni vipindi viwili vya dakika 20, uwanjani watu watano, kwa hiyo kocha Mark Pope ana dakika 200 za kugawa na basi. Wewe umemwingiza mtu wa sita uwanjani na bado una chenji, na Collin Chandler hujampa hata sekunde moja.

Mashabiki wengi hukwama hapohapo, hata hawa wa hapa waliozaliwa na jezi ya bluu. Wanalitazama jina, wanajiuliza huyu anastahili ngapi, wanaandika, wanahamia jina la pili. Kila mmoja peke yake anastahili nyingi. Mimi naanza na zile 200, na kila ninapompa mtu dakika nne lazima nimtaje ninayemnyang'anya. Ni upatu ule ule wa akina mama wa mtaani kwetu: mfuko ni mmoja, na fedha ya huyu imetoka kwa yule.

Kisha gawa kwa nafasi. Tazama chini ya kikapu: Quaintance 32, Moreno 20, Garrison 18, jumla 70. Nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, ina dakika 40. Najua utasema wawili warefu wanaweza kucheza pamoja, na ni kweli, hasa Quaintance, ana miguu ya kumkimbiza mtu yeyote. Lakini wakicheza pamoja wanakula dakika za Dioubate, anayecheza nafasi ya jirani na ambaye umempa 28. Halafu Quaintance mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi Machi, akiwa bado chuo cha Arizona State. Goti la namna hiyo halifuati kalenda ya mashabiki. Kwa Novemba mimi nimemwandikia sifuri. Moreno ni kijana wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa jimbo hili hili, urefu wake kama futi saba. Huyo nampa 17, sawa na Garrison, kwa sababu warefu wa umri ule hupata faulo mbili mapema, na makocha wengi wa vyuo, mchezaji akishapata mbili kipindi cha kwanza, humkalisha hadi mapumziko. Faulo ni tano tu unatoka, siyo sita kama NBA, ligi ya kulipwa.

Hapa wapo Wakongo wengi, na Kiswahili utakisikia sokoni na kanisani. Walikuwa na raha yao wakati Oscar Tshiebwe, yule senta wa Lubumbashi, akichezea Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa ribaundi 15 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, akachaguliwa mchezaji bora wa nchi nzima. Senta wa kubaki uwanjani muda wote ule bila kuchoka na bila kujaza faulo ni nadra, kwa hiyo usimpimie Moreno kwa kipimo cha Oscar. Msimu huo huo ndipo Shaedon Sharpe alipojiunga katikati ya mwaka, Januari. Watu wakampangia dakika 20, wengine 25. Hakucheza hata moja. Juni akachaguliwa wa saba kuingia NBA! Kipaji ni jambo moja, dakika ni jambo jingine.

Mfano mkubwa kuliko wote ni kikosi cha 2014-15 cha John Calipari, kocha aliyemtangulia Pope hapa. Alikuwa na vijana wengi wazuri mno, akawagawa watano-watano, kundi linaingia na kundi linatoka. Alex Poythress alipoumia goti Desemba mpango ukapinda, lakini benchi liliendelea kuwa refu. Karl-Anthony Towns, aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA mwaka ule, alicheza wastani wa dakika 21 hivi. Devin Booker hakuanza mechi hata moja. Hakuna aliyefika wastani wa dakika 30, na walishinda mechi 38 mfululizo kabla ya chuo cha Wisconsin kuwatoa kwenye nusu fainali ya taifa, 71 kwa 64. Aliyekuwa akitabiri kwa ukubwa wa jina alimpa Towns 32. Mimi hadi leo naamini Calipari aligawa sawa, ila jioni ile ya Wisconsin angembana Towns uwanjani asitoke kabisa.

Pope naye anapenda benchi refu na mchezo wa mbio, kwa hiyo 36 za Oweh sizikubali. Najua ndiye aliyeongoza kwa pointi msimu uliopita. Mpe 31. Nyingine ninavyoziona: Lowe 29, Aberdeen 24, Dioubate 23, Kam Williams 20, Chandler 15, Jasper Johnson 10, Jelavic 8, Trent Noah 6. Ukijumlisha na masenta wale wawili utapata 200 kamili. Jasper ni mtoto wa mji huu na nitapigiwa kelele kwa hiyo kumi, lakini mwaka wa kwanza dakika hutafutwa kwa kukaba, siyo kwa kufunga. Ukimwona mtu anampita kirahisi mara mbili, angalia benchi: kuna mwenzake ameshavua koti.

Na usifute watu wa mkiani. Msimu uliopita Pope alianza na kikosi kipya kabisa, hakuna hata mchezaji mmoja mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki kutoka kwa Calipari. Kisha Kerr Kriisa akavunjika mguu Desemba, bega la Lamont Butler likamsumbua, Jaxson Robinson akaumia mkono msimu ukamwishia. Orodha za Agosti zilikuwa zimeshakufa kabla ya Machi. Chandler, ambaye mwanzoni alikuwa haonekani, ndiyo akaanza kupata nafasi.

Jambo jingine, acha kubishana nani ataanza. Kuanza ni heshima tu mara nyingine, na mechi ya mwisho ya nyumbani wanaohitimu huanzishwa hata kama hawajacheza mwaka mzima. Mimi natazama nani yuko uwanjani zikibaki dakika nne na tofauti ni pointi tatu. Nadhani watakuwa Lowe, Aberdeen, Oweh, Dioubate na senta ambaye faulo zake hazijajaa.

Tarehe 24 mwezi huu chuo cha Purdue wanakuja Rupp Arena, uwanja wetu wa nyumbani, kwa mechi ya kirafiki. Itaonyesha mengi kuliko mazoezi ya wao kwa wao, maana pale kocha huwachanganya apendavyo. Nitumie orodha mpya kabla ya siku hiyo, ukiandika kabisa kama ni ya Novemba au ya Machi, maana Novemba watacheza watu kumi na mmoja na Machi, mwezi wa mashindano ya taifa, watabaki wanane. Anayekosea kwa dakika nyingi analipa. Ukishinda, jezi ya bluu nitakutumia. Nikishinda, yule shemeji anayesafiri Desemba aniletee ubuyu na majani ya chai, siyo yale ya pakiti ndogo.

Msalimie mama, mwambie simu nitapiga Jumapili.

Ndugu yako