Shukrani kwa dada wa mashua ya Mokowe

Mwanangu ana usonji na maneno yake ni machache. Tukivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu alianza mayowe, na abiria, mashallah, kila mmoja alikuwa na dawa yake ya kunipa.

Wewe dada mwenye mkoba wa kijani uliinama hadi usawa wa uso wake, ukatazama anachokitazama: kamba ya mashua. "Kamba," ukasema, ukanyamaza. Akaishika. "Kamba ndefu." Ukangoja tena. "Hii nini?" hukumwuliza kabisa.

Kisha ukanieleza: neno humwingia mtoto kwa wepesi zaidi likitaja kile ambacho jicho lake tayari limekishika, kuliko kumlazimisha atazame tunachotaka sisi. Na picha au ishara za mikono, kwake yeye na hata kwa watoto wenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza na kusema, hazizuii kusema. Nyuma ya risiti ukachora mashua, punda, maji.

Karatasi imechakaa kwa kushikwashikwa. "Punda" analisema, tena kwa kelele, na Lamu punda ni wengi!

Jamani, mkikutana na mama kama mimi safarini, dawa zenu ziwekeni kando kidogo.

Dada, ulishuka jetini kabla sijakuuliza jina. Mola akulipe. Ukipita mtaa wa Langoni, Lamu, mahamri yako yapo.