Kushoto ndiyo ya mbele

Mwanangu Salim,

Viza imetoka, tiketi tumeiona, mtaa mzima una habari. Kabla hujafunga begi, soma hili. Baiskeli yako ya hapa breki ya mbele iko mkono wa kulia. Ya timu yako ya mbio huko Ubelgiji itakuwa kushoto. Usiniambie "najua, Baba". Kichwa chako kinajua, vidole havijui.

Hatari iko pale pa kupokea chupa za maji katikati ya mbio. Wahudumu kwa kawaida husimama kulia mwa barabara, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaoachia usukani, unabaki na wa kushoto peke yake. Wa mbele akipunguza mwendo ghafla, utabana kwa mazoea ukidhani umeshika gurudumu la nyuma. Kumbe umefunga la mbele, na wewe huyo juu ya usukani.

Huyo Cancellara wako, Mswisi wa mbio za baiskeli, umejaza picha zake ukutani: ameshinda mbio za Flanders mara 3, za Paris–Roubaix mara 3, siku 29 za jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France. Ya Aprili 2012 mbona sijaiona? Palepale pa kupokea chakula, Flanders, alikanyaga chupa, mtulinga ukavunjika sehemu nne. Mwaka uliofuata alishinda Flanders na Roubaix, sikatai, mwanamume yule. Lakini 2015 aliumia pingili za mgongo Machi, akaziumiza tena Julai akiwa na jezi ya njano mwilini. Yeye alikuwa bingwa, timu ikamsubiri. Wewe ukurasa wa bima kwenye mkataba umeusoma, au umetazama mshahara tu?

Usimwombe fundi wao akuhamishie breki. Ni za mafuta, itabidi afungue mipira na kutoa hewa upya, na siku ya pancha utapewa baiskeli ya mwenzako, kushoto vilevile. Jifunze hapa hapa. Ile baiskeli ya zamani nimeshahamisha nyaya. Nenda uwanjani, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, toa mkono wa kulia, sogea nyuma kwenye kiti, bana kushoto kwa kidole kimoja, taratibu. Gurudumu la nyuma likinyanyuka, legeza. Ukizoea, fanya hivyo hivyo ukiwa na chupa mkononi.

Kwenye barabara za mawe punguza upepo wa magurudumu, na kaza vishikio vya chupa, maana chupa iliyorushwa na mawe humwangusha wa nyuma. Kula wanga gramu 60 hadi 90 kila saa, usingoje njaa. Hili hujanisikia tangu uanze, ingawa kwa kupanda milima sina la kukufundisha.

Mama yako anakaanga kashata, mwambie zisizidi kilo mbili, mizigo hupimwa. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Umeenda uwanjani lakini? Kushoto, Salim. Na yule rafiki yako uliyemwazima pampu ya mguu, mwambie airudishe kabla hujaondoka. Mimi nikimuuliza anasema bado unayo wewe.

Baba yako